Amplifaya Mbele ya Kigeuzi: Uchambuzi wa Hamoniki za Uongo

Juu ya mji wa Korogwe, mahali ambapo milima ya Usambara ya Magharibi hukatika ghafula na kuliachia nafasi bonde la Lwengera upande mmoja na nyika za Handeni upande wa pili, ndipo ilipo Vugiri, nchi ya ukungu na chai, jirani ya msitu wa Ambangulu. Na kwa kuwa msitu wa kale haujakwisha huko, usiku wake hauna kimya. Perere hupiga ukelele juu ya miti, vyura hujibizana mabondeni, na popo hupita huku na huku wakitoa milio mikali mno ambayo sikio la binadamu halikujaaliwa kuisikia. Kisha kunapopambazuka, hondohondo huchukua zamu. Hapo zamani aliyetaka kuzijua sauti hizi hakuwa na njia ila kukesha na kusikiliza. Siku hizi hutundikwa mtini kisanduku kidogo kinachokesha badala yake, na ndani ya kisanduku hicho mawimbi ya hewa hugeuzwa kuwa volti, volti zikakuzwa na amplifaya, kisha kigeuzi kikazihesabu na kuziandika kwa tarakimu. Kimojawapo kinachojulikana sana, AudioMoth, kilichobuniwa Uingereza na ambacho michoro yake imewekwa wazi kwa kila mtu, huendeshwa kwa betri tatu ndogo za AA, nacho huweza kuchukua hadi sampuli 384,000 katika sekunde moja.

Watu wanaponunua au kuunda chombo cha namna hiyo, aghalabu huulizia mambo mawili tu, biti ngapi na sampuli ngapi, nao huridhika wakijibiwa kwamba biti ni nyingi na sampuli ni maelfu kwa maelfu. Ni wachache waulizao habari za amplifaya iliyosimama mlangoni pa kigeuzi, ilhali hiyo ndiyo inayoamua kama tarakimu zitakazoandikwa zitakuwa ushahidi wa kweli ama ushahidi uliotiwa chumvi. Rai ninayoitetea katika uchambuzi huu ni kwamba sehemu kubwa ya upotoshaji wa hamoniki haizaliwi ndani ya amplifaya peke yake, wala ndani ya kigeuzi peke yake, bali huzaliwa pale viwili hivi vinapokutana. Na kwamba fundi asomaye karatasi ya sifa za kila kimoja mbalimbali, asiupime mkutano wao, atapotea hata kama kila karatasi imesema kweli tupu.

Tuanze na asili ya jambo. Joseph Fourier, katika kitabu chake juu ya joto kilichotoka Paris mwaka 1822, alionyesha kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata liwe na umbo la namna gani, laweza kufumuliwa likawa jumla ya mawimbi sahili, la kwanza likiwa la msingi na mengine yakiwa na masafa maradufu, mara tatu, mara nne na kuendelea. Na haya yanayofuata ndiyo hamoniki. Amplifaya kamili ingetoa lile lile ililopewa, ila kubwa zaidi. Lakini hakuna transista inayokuza kwa kadiri moja kuanzia chini hadi juu. Mstari uliopaswa kunyooka huwa na mpindo, na mpindo huo, ijapokuwa mdogo hata usionekane kwa macho kwenye osiloskopu, hulitwaa wimbi sahili la kilohezi 5 ukaliongezea la 10, la 15 na mengineyo ambayo hayakuwamo. Ziada hiyo ikilinganishwa na wimbi la msingi ndipo husemwa kwamba upotoshaji ni asilimia 1, yaani desibeli 40 chini ya msingi, au asilimia 0.1, yaani desibeli 60 chini, au asilimia 0.001, ambayo ni desibeli 100.

Katika zama za kusikiliza tu, ziada hii ilivumilika. Utepe wa sumaku uliotumika redioni ulihesabiwa kuwa umefika ukomo wake pale hamoniki ya tatu ilipofika asilimia 3, na watu walifurahia taarabu na dansi zilizorekodiwa karibu na ukomo huo bila kunung'unika, maana ala za muziki na sauti za waimbaji zina hamoniki zao wenyewe, na zile za utepe hujificha ndani yake. Tarakimu hazina msamaha wa namna hiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tarakimu husomwa na programu, na programu hutafuta hasa hamoniki ili imtambue mnyama. Popo wa jamii ya Rhinolophus, mathalan, hutoa mlio ambao hamoniki yake ya pili ina nguvu kuliko wimbi lake la msingi; basi amplifaya ikibuni hamoniki za kwake, imeingilia alama ile ile ambayo mtafiti anaitegemea. Sababu ya pili ni kukunjika kwa masafa. Popo akilia kwa kilohezi 45, na amplifaya ikazalisha hamoniki ya tatu baada ya mahali penye kichujio cha kuzuia masafa ya juu, hiyo hamoniki ina kilohezi 135. Na kigeuzi kinachochukua sampuli 250,000 kwa sekunde, kwa kuwa hakiwezi kuandika kwa uaminifu kitu kinachopita kilohezi 125, kitaiandika kama 115. Huo ni mlio usiohusiana kwa hesabu yoyote ya wazi na mlio wa asili, nao utakaa katika daftari la utafiti kama popo mwingine ambaye hajapata kuruka juu ya Vugiri wala mahali pengine popote duniani.

Dawa ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni kutokuijaza amplifaya. Mpindo uzaao hamoniki ya pili huifanya ikue kwa mraba wa ishara, na ule uzaao ya tatu huifanya ikue kwa mchemraba; kwa hiyo ukishusha ishara kwa desibeli 10, hamoniki ya pili hushuka kwa 20 na ya tatu kwa 30, maana yake ni kwamba zikilinganishwa na wimbi la msingi umepata faida ya 10 na ya 20. Hasara yake ni kelele. Kigeuzi kamili cha biti 12 kina nafasi ya desibeli 74 tu kati ya ishara kubwa kabisa na kelele ya kuhesabu, na cha biti 16 kina takriban 98. Kila desibeli unayoiacha juu kwa hadhari unaitoa chini katika usikivu. Msituni mizani hii ni ngumu hasa, kwani perere anaweza kulia kwenye tawi lililo karibu na kisanduku dakika ile ile ambapo kuna popo anapita mbali. Maoni yangu ni kwamba yafaa kuacha nafasi kubwa juu. Mlio dhaifu uliomezwa na kelele hauonekani, na kutoonekana kwake hakumdanganyi mtu. Bali mlio mkubwa uliopotoshwa huonekana vizuri sana, na humo ndimo mna hatari.

Dawa ya pili ndiyo iliyobadilisha ufundi mzima wa karne iliyopita. Tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi kijana wa Bell Telephone Laboratories, alipokuwa akivuka Mto Hudson kwa feri kwenda kazini New York, alichora juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times mchoro wa amplifaya ambayo sehemu ya pato lake hurudishwa kinyume kwenye mlango wa kuingilia, ili kila kosa lililoongezwa njiani lijipinge lenyewe. Wazo la kuitupa makusudi sehemu kubwa ya ukuzaji lilionekana la ajabu kiasi kwamba hataza yake haikutoka hadi mwaka 1937. Leo mrejesho hasi umo katika karibu kila amplifaya ya chipu inayouzwa, na kanuni yake ni sahili: upotoshaji hupunguzwa kwa kadiri ya ukuzaji uliobaki ndani ya mzunguko wa mrejesho.

Hapa pana mtego ambao, kwa kadiri nionavyo, umewanasa watu wengi kuliko mwingine wowote. Ukuzaji huo uliobaki si mali ya kudumu. Hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Tuchukue amplifaya ambayo ukuzaji wake wa asili hufikia 1 kwenye megahezi 10, nasi tunaitaka ikuze mara 10. Kwenye kilohezi 1 ukuzaji wa asili ni 10,000, kwa hiyo unabaki 1,000 wa kupigana na makosa, yaani desibeli 60, na karatasi ya sifa itajisifu kwa haki. Kwenye kilohezi 50, alipo popo, ukuzaji wa asili ni 200 tu na uliobaki ni 20. Na hamoniki ya tatu ya popo huyo, iliyo kwenye kilohezi 150, hukabiliwa na ukuzaji usiofika hata 7. Amplifaya ni ile ile, bali ngao imekwisha kuwa pazia. Karatasi nyingi huandika upotoshaji uliopimwa kwenye kilohezi 1, kipimo kilichorithiwa kutoka zama za simu na santuri, na mwenye kuitegemea namba hiyo kwa kazi ya popo amejitegemeza kwa kisichomhusu. Njia za kutoka ni kuchagua amplifaya yenye kasi zaidi, hata kama betri zitalalamika, au kuigawa kazi kwa hatua mbili: amplifaya mbili za aina ile ile, kila moja ikikuza mara 3 na kitu badala ya moja kukuza mara 10, hubakiwa kila moja na ukuzaji wa takriban 63 kwenye kilohezi 50.

Fauka ya hayo kuna kikomo cha mbio, ambacho mrejesho hauwezi kukiponya kabisa. Wimbi la kilohezi 100 lenye kilele cha volti 2 hudai kwamba volti za pato zibadilike kwa kasi ya takriban volti 1.26 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde. Amplifaya yenye mbio pungufu ya hapo hulichora wimbi la duara kama pembetatu, na pembetatu, Fourier ametufundisha, imejaa hamoniki za witiri.

Sasa tufike kwenye mkutano wenyewe. Kigeuzi cha aina inayotumika sana katika vyombo vya betri hakisikilizi ishara mfululizo. Ndani yake mna kapasita ndogo ambayo, kila sampuli inapochukuliwa, huunganishwa na pato la amplifaya kwa kitambo kidogo, ikajazwa, kisha ikakatwa. Ni mfano wa mtu achotaye mtungini kwa kata: maji hutikisika kila anapochota, naye akichota tena kabla hayajatulia, atapata kipimo kisicho sawa na cha kwanza. Msukosuko huo huirudia amplifaya mara 250,000 kwa sekunde au zaidi, nayo haikuandikiwa katika karatasi yake kwamba itapigwa hivyo. Kama utuaji wake ungekuwa wa kadiri moja kwa volti kubwa na ndogo, kosa lingekuwa la ukuzaji tu, wala hamoniki isingezaliwa. Lakini mpigo mkubwa huisukuma amplifaya hadi kwenye kikomo cha mbio ilhali mpigo mdogo hauisukumi, na swichi iliyomo ndani ya kigeuzi nayo hubadili ukinzani wake kufuatana na volti inayopita. Basi kosa hutegemea ishara, na kosa linalotegemea ishara ndio upotoshaji wenyewe. Mtu akipima amplifaya peke yake ataiona safi, akipima kigeuzi kwa chanzo chenye nguvu atakiona safi, kisha akiviunganisha ataona hamoniki zimesimama wima kwenye kioo asijue zimetoka wapi.

Dawa ni kuweka kati yao rezista moja na kapasita moja. Kapasita hiyo ya nje, ikiwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya ndani, huwa ghala la karibu linalotoa chaji papo hapo, na rezista huikinga amplifaya isiyumbe kwa kubebeshwa kapasita. Ukubwa wake una hesabu yake. Ili volti zitulie ndani ya nusu ya hatua moja ya biti 16, pasipo msaada wowote wa kuupunguza mpigo, hutakiwa muda wa takriban mara 12 ya zao la rezista na kapasita. Rezista ya ohmu 20 na kapasita ya nanofaradi 1.2 zina zao la nanosekunde 24, hivyo hudai nanosekunde 288. Kigeuzi kisichotoa wasaa huo sharti kipewe rezista ndogo zaidi au kipunguziwe idadi ya sampuli. Kupunguza sampuli, ambako wengi hukuona kama aibu, mara nyingi huboresha rekodi.

Na kapasita hiyo iwe ya aina gani? Hapa ningependa msomaji atazame kwa karibu kijiwe kidogo cha rangi ya kahawia chenye urefu wa milimita 2, ambacho hakina maandishi yoyote, nacho hugharimu fedha kidogo sana. Vijiwe viwili vya namna hii vyaweza kufanana kabisa kwa macho, kimoja cha kauri ya aina ya X7R na kingine cha C0G. Kile cha kwanza hubadilisha ujazo wake volti zinapobadilika juu yake, kwa hiyo kikiwekwa njiani mwa ishara kinakuwa chenyewe mzazi wa hamoniki, hata kama amplifaya ni ya ghali kuliko zote sokoni. Kile cha pili hakibadiliki kwa kadiri ya kuleta madhara. X7R ifae kwa kutuliza umeme wa kulishia, wala isiguse njia ya sauti. Fundi aliyezoea kuchomoa vipuri kutoka mbao za redio na simu zilizokufa, kama ilivyo desturi ya karakana zetu nyingi, hana budi kuvitilia shaka hasa vipuri hivi visivyo na jina. Kapasita ya plastiki ya polipropilini, ijapokuwa kubwa na isiyopendeza, ni salama zaidi.

Njia nyingine kubwa ni kuipeleka ishara kwa nyaya mbili badala ya waya mmoja, mmoja ukipanda pale mwenzake anaposhuka, na kigeuzi kikisoma tofauti iliyo kati yao. Mpindo unaozaa hamoniki za shufwa, yaani ya pili, ya nne na kadhalika, huwa sawa pande zote mbili, nao hufutika katika kutoa. Za witiri hubaki. Lakini ufutaji huo ni mwaminifu kwa kadiri ya ulinganifu wa pande mbili: tofauti ya asilimia 1 hukuacha na ufutaji wa desibeli 40 tu, kwa hiyo rezista zake sharti zichaguliwe kwa mita. Faida yake ya pili, ambayo kwa chombo cha betri ni kubwa kuliko ya kwanza, ni kwamba kila waya hubeba nusu ya volti, na amplifaya yenye volti 3 tu za kulishia hupata nafasi ya kupumua. Amplifaya za volti ndogo zinazodai kupokea ishara kuanzia sifuri hadi ukomo wa juu aghalabu zina jozi mbili za transista mlangoni, moja ya chini na moja ya juu, na pale ishara inapovuka kutoka jozi hadi jozi huzaliwa kasoro. Ukiifunga amplifaya hiyo kwa mtindo wa kugeuza, ambapo mlango wake husimama kwenye volti moja daima, kasoro hiyo haipati nafasi.

Umeme wa kulishia na waya wa ethi nao wana sehemu yao. Hatua ya mwisho ya amplifaya hunywa mkondo kwa nusu nusu za wimbi, na nusu wimbi ni kitu chenye hamoniki za shufwa tele. Mkondo huo ukipita kwenye kipande kile kile cha ethi ambacho kigeuzi hukitumia kama sifuri yake, hamoniki huingia kwa mlango wa nyuma. Kadhalika volti ya rejeo, ambayo kigeuzi hulinganisha nayo kila kitu, ikitikisika kufuatana na ishara, ishara inakuwa inajizidisha yenyewe kwa yenyewe, na tunda lake ni hamoniki ya pili. Kapasita ya kutosha iliyokaa milimita chache kutoka mguu wa rejeo huzuia mengi.

Lakini fundi asiitwishe amplifaya dhambi isiyo yake. Umeme wa gridi unaofika Korogwe, uwe umetoka kwenye mitambo ya Hale iliyoanza mwaka 1964 katika Mto Pangani na yenye uwezo wa megawati 21, au kwingineko, una hezi 50, nao hujazwa hamoniki za 150 na 250 na vyombo vya watumiaji wenyewe. Anayejaribu kinasa sauti karibu na nyaya hizo akaona nguzo kwenye masafa hayo, ajue zinatoka nje. Zitabaki pale pale hata asipoingiza ishara yoyote, na hiyo ndiyo alama yake.

Yote haya ni maneno tu mpaka yapimwe, na kupima kunadai wimbi sahili ambalo ni safi kuliko kinachopimwa. William Hewlett, mwaka 1939, alilipata wimbi safi kwa gharama ndogo kwa kutumia taa ndogo ambayo uzi wake, ukipata moto, huongeza ukinzani na kuituliza saketi bila kulikata wimbi. Mpaka leo fundi aweza kuiunda saketi ya namna hiyo, akaongeza kichujio cha kupitisha masafa yale tu baada yake. Kisha kuna jaribio ambalo halihitaji chombo chochote cha ghali. Weka kipunguza ishara kati ya chanzo na amplifaya, ushushe kwa desibeli 10. Hamoniki ya pili ikishuka kwa 10, imetoka kwenye chanzo chenyewe, nawe usiisumbue amplifaya. Ikishuka kwa 20, na ya tatu kwa 30, zimezaliwa baada ya kipunguzi, nawe una kazi ya kufanya. Sheria hii haifuatwi pale wimbi linapokatwa kichwa kwa kugonga ukomo wa volti, ila huko kichwa kilichokatwa huonekana bila ya hesabu.

Jaribio hilo laweza kupelekwa msituni kama lilivyo, na nashangaa halifanywi kila mahali. Visanduku viwili vitundikwe kwenye mti mmoja kule Ambangulu, kimoja kikiwekwa ukuzaji wa desibeli 10 pungufu ya mwenzake. Hamoniki ya perere au ya popo, ikiwa ni yake kweli, itaonekana katika rekodi zote mbili kwa uwiano ule ule na wimbi la msingi. Ya uongo, ikilinganishwa na msingi, itapungua katika kile chenye ukuzaji mdogo, ya pili kwa desibeli 10 na ya tatu kwa 20. Wapo wasemao kwamba haja hii yote itaondolewa na programu za kusahihisha baadaye. Zaweza, endapo mpindo unajulikana na haubadiliki kwa joto wala kwa betri kuchoka. Lakini masafa yaliyokwisha kukunjika hayakunjuki tena, na kilele kilichokatwa hakina mahali pa kurejea.

Swali hili lina uzito wa namna nyingine katika maktaba za sauti. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizotokana na kituo kilichoanza kutangaza mwaka 1951, zinapogeuzwa kuwa tarakimu, baadhi yake huenda zisipigwe tena kwa uzima baada ya hapo, maana utepe na gundi yake huzeeka. Hapa mizani ni nyepesi kuliko ya msituni: ukomo wa utepe unajulikana, hivyo ishara yaweza kupandishwa hadi karibu na ukomo wa kigeuzi bila hofu ya kushtukizwa, na biti 24 kwa sampuli zisizopungua 48,000, kama wahifadhi wa sauti wa kimataifa wanavyousia, zatosha kwa nafasi. Utepe una hamoniki yake ya tatu, desibeli 30 hivi chini ya sauti katika vilele, nayo ni sehemu ya historia yake. Amplifaya ya kuusomea ikikaa desibeli 90 chini au zaidi haiongezi kitu cha kutambulika. Ila sharti kwenye faili la kila utepe iandikwe, pamoja na biti na sampuli, kiwango cha ukuzaji, aina ya amplifaya, na matokeo ya wimbi sahili lililopitishwa katika mtambo ule siku ile ile, ili mtafiti atakayekuta hamoniki ya tatu juu ya sauti ya zumari aweze kujua kama ni ya zumari, ya utepe, ama ya karakana.